Siku Niliyofungua Kipimamvua Mbele ya Kanisa

Nitawaambia, lakini mnicheke polepole, kwa sababu hata leo nikipita Matulo kuna watu wazima wanaoniona na kushusha sauti, na aibu yenyewe sikuipata gizani mahali ambapo mtu angeweza kukana, niliipata mchana kweupe, mbele ya kanisa zima, nikiwa nimevaa sketi yangu ya ofisi iliyopigwa pasi na kujiona msomi kabisa.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimeajiriwa katika kituo kimoja cha hali ya hewa karibu na Kitale. Mjomba wangu alipenda kuwaambia watu kwamba serikali inanilipa kutazama mawingu, na nikisema ukweli hakuwa mbali sana. Unaamka, unasoma joto, unasoma unyevu, unatazama mawingu ni ya aina gani na yamefunika anga kiasi gani, unapima mvua ya jana, unapeleka habari kwa simu, kesho unarudia. Wenzangu waliona ni kazi ya kuchosha. Mimi niliipenda kupita kiasi, na nafikiri sababu ni nyanya yangu, mama yake mama, ambaye alitulea na hadithi za mvua. Alituambia radi ni jogoo mwekundu anayeshuka kutoka juu, kwa hivyo mtoto asivae nguo nyekundu mvua ikinyesha. Alituambia mwezi ukizungukwa na duara kama boma, mvua iko njiani. Siafu wakihama na mayai yao kwenda mahali pa juu, tengeneza paa. Nilipoenda kusomea kazi yangu nilikuwa nabeba hizo habari kichwani na kuzipima moja moja kama mtu anayepima viatu. Jogoo mwekundu nilimwacha. Lakini lile duara la mwezi, mwalimu alipotueleza kwamba ni mawingu membamba ya barafu yaliyo juu sana, na kwamba mara nyingi mawingu hayo hutangulia mengine mazito, nilikaa darasani nikitabasamu peke yangu hadi aliyekaa jirani akaniuliza kama naumwa.

Ninawaeleza haya ili mjue kwamba sikuwa mtu wa kudharau mambo ya wazee. Shida yangu ilikuwa nyingine. Nilipenda sana kueleza.

Sasa mwaka huo mvua ya masika ilichelewa. Watu wa Matulo walikuwa wamelima, wengine wakapanda kwenye vumbi wakitumaini, na mahindi yakalala ardhini yakiliwa na mchwa. Mto Nzoia ulipungua ukaonyesha mawe ambayo hata wazee hawakuwa wameyaona. Mchungaji wetu, Mchungaji Barasa, akatangaza siku ya kufunga na kuomba mvua, Alhamisi, watu wote. Na wale wale waliosema amina kwa sauti kubwa, jioni walikuwa wanavuka upande wa pili wa mto kumpelekea mbuzi Mzee Makokha, ambaye ukoo wake umekuwa wa watu wa mvua tangu zamani, wana vyungu vyao vya kuzika, vya kuita mvua na vya kuifunga, na dawa zao ambazo mtu mwingine haruhusiwi kuziona. (Kila mtu alijua nani ameenda. Mbuzi si kitu cha kuficha kwenye mfuko.)

Wiki hizo nilikuwa ninakuja nyumbani likizo, na bosi wangu kule Kitale akaona hiyo ni nafasi nzuri. Ofisi ilitaka kuweka vipimamvua kwenye shule kadhaa za Bungoma, ili tujue mvua inanyesha wapi na wapi inaruka, na kimoja kilikuwa cha shule ya msingi ya kwetu. Akanikabidhi. Kwa wale ambao hamjawahi kukiona, kipimamvua cha namna ile ni mkebe wa shaba, mrefu kama sufuria mbili zilizopandanishwa, unauchimbia ardhini mpaka nusu. Juu kuna faneli, ndani kuna chupa. Mvua inaingia kwa faneli, inakaa kwenye chupa, asubuhi saa tatu unakuja unaimwaga kwenye kikombe cha kioo chenye mistari na unasoma. Basi. Hakuna kitu rahisi kuliko hicho duniani.

Nilifika shuleni nikakuta geti limefungwa kwa mnyororo, mwalimu mkuu ameenda Lwakhakha kwa wakwe zake mpaka shule ifunguliwe. Ningeweza kukiweka kipimamvua chini ya kitanda na kungoja. Lakini ningejisikiaje, mtu wa hali ya hewa, mvua ije nisiipime? Nikamwuliza mama, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, kama naweza kukiweka kwa muda kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu uko wazi, hauna miti ya karibu na umezungushiwa ua mbuzi hawaingii. Mchungaji alikuwa Mabanga kwa semina.

"Ni kitu ya serikali?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Basi weka. Mchungaji akirudi nitamwambia."

Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Nikachimba shimo katikati ya uwanja wa kanisa, katika mwaka wa ukame, nikazika chungu cha shaba.

Nyinyi mmeshaona shida iko wapi. Mimi sikuiona. Kila asubuhi saa tatu nilifika pale, nikainama, nikafungua, nikatazama ndani, nikatikisa kichwa kwa huzuni (kwa sababu hakukuwa na maji), nikafunga, nikaenda. Watu walipita barabarani na majerikeni wakinisalimia, na nikawajibu vizuri, na nilifikiri wananitazama sana kwa sababu wanapenda elimu.

Na jina langu ni Nasimiyu. Kwetu msichana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Nafula, na aliyezaliwa kiangazi ni Nasimiyu. Kwa hivyo kabla sijafanya lolote jina lilikuwa limenishtaki.

Jumatano, siku moja kabla ya maombi, niligundua kwamba mkebe ulikuwa umebonyea kidogo pembeni. Nilikuwa nimeuleta kutoka Webuye kwa baiskeli, umefungwa nyuma kwa mpira, na mahali fulani njiani ulianguka. Nikaogopa kwamba unavuja, na mkebe unaovuja ni aibu kwa mpimaji. Nikafanya kile tulichofundishwa: nikachota maji kwenye jagi, nikamwaga ndani ya mkebe, nikachuchumaa kuona kama yatapungua.

"Nasimiyu."

Nikageuka. Alikuwa Mama Khisa, jirani yetu, ametoka mtoni na jerikeni kichwani, jasho linamtiririka.

"Kalibu, mama," nikasema. (Mama alinisomesha mpaka chuo lakini l na r zangu zilibaki Bungoma, nikishtuka hujichanganya zenyewe.)

"Watu wanatoa maji mbali, na wewe unanywesha shimo."

"Si shimo, mama. Najaribu kuona kama inashika."

"Kama nini inashika?"

"Hii chombo. Kama inashika maji vizuri ama inaachilia."

Akashika jerikeni kwa mikono yote miwili. Sasa mimi nilikuwa nimesema Kiswahili cha kawaida kabisa, lakini mwambie mtu wakati wa ukame kwamba una chungu ardhini na unaangalia kama kinashika maji, halafu uone ataelewa nini. Hakuuliza tena. Akaondoka haraka, na maji yakamwagika kidogo kwenye bega lake wala hakujali.

Mkebe haukuvuja. Nilifurahi. Nikamwaga yale maji, nikaulaza ubavuni kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, karibu na tangi, ili ukauke vizuri, nikaenda nyumbani kula. Nilikusudia kuurudisha jioni, nikasahau. Asubuhi ya Alhamisi nilipokumbuka, watu walikuwa wameanza kufika na viti vyao. Nikauokota mbio mbio, nikauingiza kwenye shimo, nikatumbukiza chupa, nikaweka faneli, nikapangusa mikono. Sikuchungulia ndani. Nilikuwa nimeuchungulia kila siku pasipo sababu, na siku hiyo yenye sababu sikuchungulia.

Watu walikuwa wengi mpaka ikabidi ibada ifanyiwe nje. Mchungaji Barasa alikuwa amerudi asubuhi ile ile, hata hajapata nafasi ya kuzungumza na mama, nikaona macho yake yakienda kwenye mkebe na kurudi kwenye Biblia, mara mbili hivi. Alihubiri juu ya yule nabii aliyemtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka akaona wingu dogo kama kiganja. Mimi sikuweza kutulia. Nilikuwa nimeona asubuhi ile kwamba upepo umegeuka. Kwa wiki nyingi ulikuwa unatoka mashariki, mkavu, unakwangua midomo. Asubuhi hiyo ulikuwa unatoka upande wa Uganda na ziwa, mzito kidogo, ngozi inausikia, na juu ya Mlima Elgon mawingu yalikuwa yameanza kusimama kama koliflawa. Nikawa nafikiri, hata yule nabii alimtuma mtu wake atazame upande wa bahari, hakumwambia atazame upande wa jangwa. Alijua unyevu unatoka wapi. Na swali likanishika kabisa, mtu anawezaje kuwa anaomba na bado anajua upepo, na haya mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja bila kugombana, nikawa hata sisikii mahubiri yanaendelea.

Kwa hivyo sikumwona Mama Khisa akisimama wakati wa ushuhuda.

"Mimi sina ushuhuda," akasema. "Mimi niko na swali. Sisi tunaomba mvua hapa, na kuna kitu imezikwa hapa hapa. Jana nimeona kwa macho yangu inapewa maji. Na mwenye kuipa akaniambia anaangalia kama imeshika. Mchungaji, tunafungua mvua na mkono moja, na mkono ingine inafunga?"

Uwanja ukaanza kunong'ona wote kwa pamoja. Mama alikuwa amekaa mbele na kitambaa chake cha akina mama, akageuza kichwa kunitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba tu asiabishwe. Mchungaji Barasa alikuwa mtu mwenye busara. Akainua mkono.

"Nasimiyu ni mtoto wetu, na nafikiri ni mambo ya kazi yake. Njoo utuonyeshe, Nasimiyu, ili hii maneno iishe."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema, hiki ni chombo cha shule, samahani, nitakiondoa sasa hivi. Ningekiondoa na tungeendelea na maombi. Lakini nilitazama watu wote wale, zaidi ya darasa lolote ambalo ningewahi kupata, wamenyamaza, wananingoja mimi nieleze mvua. Moyo wangu ulifurahi. Naapa, nilitembea kwenda pale mbele nikifurahi.

Nikawaeleza. Jamani, niliwaeleza. Nilianza na jua kupasha ziwa joto, nikaenda kwa mvuke, nikaeleza jinsi hewa ikipanda inapoa, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotokwa na jasho, nikaeleza kwa nini milima inapata mvua kabla ya tambarare. Watu walikuwa wamefunga hawajala tangu jana, jua linawachoma utosini, na mimi ninachora upepo hewani kwa mikono yote miwili. Mzee mmoja alikuwa amefumba macho, nikadhani anafikiri sana. Halafu nikafanya kosa lingine, nikanyoosha kidole kwenye mlima.

"Na hata sasa," nikasema, "mkiangalia yale mawingu, na huu upepo, mimi naona leo jioni mvua inaweza kuja. Si uchawi. Ni kuangalia tu."

"Amesema leo jioni," mtu akasema nyuma.

"Na hiki chombo hakifungi mvua wala hakiiti mvua. Kinangoja tu. Ndani hakuna chochote, ni hewa. Njooni muone."

Nikang'oa faneli, nikaiinua ili waone mwanga unapita. Nikatoa chupa, nikaigeuza, kavu. Watu wa nyuma walikuwa wamesimama sasa, na niliona mabega ya mama yameanza kulegea, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, ningeweza kuishia pale. Lakini nilitaka waone mpaka kitako. Nikang'oa mkebe kutoka ardhini, nikaupindua juu chini, nikaupiga makofi mawili kitakoni kama mtu anayetoa ugali kwenye sufuria.

Chura akaanguka juu ya kiatu cha Mchungaji.

Alikuwa chura mkubwa, wa kahawia, mnene, na inaonekana alikuwa amelala vizuri humo kwenye ubaridi na unyevu wa yale maji ya Jumatano, kwa sababu hakukimbia. Alikaa juu ya kile kiatu cheusi kilichopakwa rangi, akajaza mashavu hewa, akatutazama. Mchungaji hakusogea. Mimi hata leo nikifumba macho naweza kuwaambia yule chura alikuwa na madoa wapi.

Mnaelewa kilichotokea. Chura mnene, katika ukame kama huo, angetoka wapi kama hakuwekwa na mtu? Kwa walioenda kwa Mzee Makokha, na walikuwa wengi pale uwanjani, kila mtu anajua chura na mvua ni ndugu, na ukitaka kuishikilia mvua utamfungia nani ndani ya chungu kama si chura?

"Aliingia mwenyewe," nikasema. "Jana nililaza mkebe pale kwa tangi. Aliingia kutafuta baridi."

Yalikuwa maelezo mafupi kuliko yote niliyotoa siku hiyo, na ndiyo pekee yaliyokuwa ya maana, na hakuna aliyeyasikia. Chura akaruka mara moja kuelekea upande wa akina mama, viti vikaanguka, nyimbo zikaanza bila mtu kuziongoza, vijana wawili wakaenda wakasimama kwenye lango. Mmoja wao nilisoma naye, na alikuwa ananitazama kama mtu asiyenijua.

"Asitoke," akasema. "Amesema mvua ni leo jioni. Basi akae mpaka jioni tuone."

Mchungaji Barasa alijaribu kuwatuliza na hakuna aliyemkemea, lakini wale vijana hawakuondoka langoni. Mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini nikae kwenye benchi lililokuwa karibu na lile shimo, nisiseme kitu tena, hasa nisieleze. Nikakaa. Mkebe ulikuwa umelala chini miguuni pangu, faneli huku, chupa kule. Maombi yakaendelea, na sasa yalikuwa na nguvu ambayo hayakuwa nayo asubuhi, na mengine yalitaja jina langu.

Hapo niliogopa. Mnacheka, na mimi nacheka, lakini mnajua watu wanaposhikwa na hofu ya njaa wanaweza kufanya nini, na nilikuwa msichana aliyekutwa na chura ndani ya chungu. Nikawa natazama lile lango na mikono ya wale vijana. Halafu nikamwona mama anasimama kule mbele, mbele ya wenzake wote wa chama, anachukua kiti chake, anatembea polepole kupitia katikati ya watu na kuja kukiweka kando ya benchi langu. Hakuna mwanamke mwingine aliyesogea. Akakaa, akaweka mikono kwenye mapaja.

"Niambie ukweli," akasema bila kunitazama. "Ulimweka wewe?"

"Hapana, mama."

"Hakuna mtu alikutuma?"

"Hakuna."

Akafunga kitambaa chake upya.

"Basi omba hiyo mvua yako isichelewe."

Nikatazama angani. Sijawahi kutazama mawingu kama nilivyoyatazama mchana ule, na nimeyatazama maisha yangu yote. Yale ya Elgon yalikuwa yamepanda, yamesambaa juu kama fuawe la mhunzi, chini yamekuwa ya rangi ya bati. Nilijua hiyo ni mvua ya radi. Nilichokuwa sijui, na ambacho hakuna mtu Kitale wala kwingine angeweza kuniambia, ni kama itafika Matulo. Mvua hizo hunyesha shamba hili na kuruka lile. Ingeweza kumwagikia Kimilili yote na kutuacha sisi tunaisikia tu. Nikajikuta nimefumba macho. Midomo yangu ilikuwa inasema kitu, lakini nilikuwa naongea na nani, na mtu anayejua hewa inapoa vipi anaomba nini kwa wingu lililokwisha kujengeka? Nilikuwa na hofu na nilikuwa naomba. Ndiyo yote ninayojua.

Kuelekea jioni upepo wa baridi ulikuja kwanza, ukainua kanga na kufungua kurasa za Biblia. Halafu harufu ya vumbi lililoloa. Halafu matone makubwa, yaliyo mbali mbali, kila moja likichimba kishimo chake mchangani, halafu yote kwa pamoja, na watu wakakimbilia kanisani wakilia na kushangilia, na mabati yakaanza kunguruma mpaka nyimbo hazikusikika.

Mimi sikukimbia. Niliurukia mkebe. Mvua ya kwanza ya masika, mvua ambayo ofisi nzima ilikuwa inaingoja, inanyesha, na kipimamvua kimelala chini kama kikombe cha mlevi. Nilikishika, nikapiga magoti, nikakielekeza kwenye shimo.

"Usiguse hiyo kitu," yule kijana wa langoni akapiga kelele, na hakuwa na hasira tena, alikuwa anaogopa. "Dada, tafadhali. Imeachilia tu sasa. Iache."

Nikainua macho nikaona kila dirisha la kanisa limejaa nyuso zinazonitazama. Nikakiweka chini. Nikasimama pale mikono imeinuliwa kidogo kama mwizi, mvua inanipiga, sketi ya ofisi imenishika miguuni, na mbele yangu maji yanapita bila kupimwa yakielekea barabarani.

Mchungaji Barasa alinikasirikia kuliko wote, na nilimwelewa. "Tumefunga, tumeomba, Mungu amejibu siku hiyo hiyo," akaniambia baadaye, akipangusa miwani, "na watu wananiuliza juu ya chura." Jumapili alihubiri vizuri sana kwamba sifa ni za Mungu peke yake. Walisema amina, kisha wakageuka kunitazama.

Lakini kabla ya Jumapili hiyo, Ijumaa asubuhi, alikuja mgeni nyumbani. Alikuwa Mzee Makokha mwenyewe, na kofia yake ya manyoya, na alikuwa amechoka. Mama alimpa kiti na chai kwa adabu lakini hakukaa karibu.

"Nimesikia uko na kazi kama yangu," akaniambia.

"Hapana, mzee. Mimi napima tu."

"Nionyeshe."

Nikamletea. Alikigeuza geuza mikononi kwa muda mrefu, akaingiza kidole kwenye faneli, akanusa. Nilimwuliza yeye anatazama nini, na akanijibu kidogo tu, upepo, rangi ya mlima asubuhi, mti fulani unapotoa maua, na mengine akasema ni ya ukoo. Nikamwambia mwaka huu hata sisi wa vipimo mvua ilituponyoka. Akakubali. Alikuwa amekula mbuzi wa watu na kuona ishara zote, na mvua ikakataa, na hakujua kwa nini, na alikuwa amekuja akiamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa namzuilia. Nilimweleza habari ya pepo za kutoka Kongo na bahari mpaka chai ikapoa. Sidhani aliniamini. Nilipomwambia hewa ina uzito alinitazama kwa huruma. Lakini aliuliza maswali mazuri kuliko watu wengi wa chuoni, na mimi nilimwuliza yangu, na tulipoachana kila mmoja alikuwa amebaki palepale na dini yake ya mvua, ila mimi nilitamani arudi.

Kule Kitale bosi akaniuliza Matulo ilipata kiasi gani siku ile, kwa sababu kila mahali walikuwa wameripoti mvua kubwa. Nikamwambia sina kipimo.

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo."

"Na chombo kilikuwa hapo?"

"Kilikuwa hapo."

Akangoja nieleze. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, sikueleza.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili na nimeyashika. Sifungui chombo chochote mbele ya watu kabla sijakichungulia mimi mwenyewe nikiwa peke yangu, hata kama ni chupa ya chai. Na sitabiri chochote karibu na watu wenye njaa. Lakini kuapa hakukunisaidia sana, kwa sababu miaka michache baadaye nilipoolewa, nilichagua kuolewa Kitale, mwezi wa Januari, baada ya kupekua rekodi za mvua za miaka mingi na kuchagua wiki kavu kabisa, na siku yenyewe anga lilikuwa la buluu kutoka mlimani mpaka mwisho wa macho. Wageni wa Matulo walishuka kwenye lori wamebeba miavuli, wote, wazee kwa vijana, wakakaa kwenye viti vyao na miavuli mapajani, wananitazama kwa heshima. Haikunyesha hata tone. Jioni wakiondoka Mama Khisa alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante mama, kwa kuishikilia," akasema.

Nilikuwa na maelezo yote tayari, pepo kavu za Januari, kanda za mvua zilizo mbali kusini wakati huo wa mwaka, kila kitu. Nikamtazama, na nyuma yake nikaona wenzake wananingoja na miavuli yao mikavu.

"Karibu, mama," nikasema.

Na nitawaambia kitu ambacho mume wangu hajui. Nilijisikia vizuri.